Kenya na Tanzania: Wazee wanaokosekana katika takwimu za afya

Kenya na Tanzania zimeweka katika sheria na sera zao haki za raia waliofikia uzee. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya dola. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, iliyotolewa mwaka 2003, inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na imeweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo.

Hata hivyo, ili haki hizo zitoke katika karatasi na kumfikia mzee aliye kijijini au katika mtaa wa mabanda, kuna maswali ambayo lazima yajibiwe kwanza. Wazee ni wangapi? Wanaishi wapi? Wanaugua nini, na ni nani miongoni mwao anayekosa dawa ilhali mwenzake wa umri ule ule anaipata? Maswali hayo huonekana mepesi. Kwa watakwimu na watafiti wa afya, ni miongoni mwa maswali magumu zaidi katika Afrika Mashariki, na makosa katika kuyajibu huwaangukia watu wasio na sauti kubwa ya kulalamika.

Umri unapogeuka kuwa mpaka

Ugumu wa kwanza hautokani na wazee wenyewe. Unatokana na namna tafiti kubwa za kitaifa zilivyopangwa.

Utafiti wa hali ya watu na afya, unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa katika nchi nyingi za Afrika, ndio chanzo kinachotegemewa zaidi na wizara za afya. Utafiti huo ulibuniwa kwa lengo la kupima uzazi, afya ya mama na uhai wa watoto. Kwa sababu hiyo, wanawake wanaohojiwa ni wale wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika utafiti wa Kenya wa mwaka 2022, wanaume waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 54. Katika ule wa Tanzania wa mwaka huo huo, wanaume walikomea miaka 49. Bibi mwenye umri wa miaka 68 anayeishi katika kaya iliyotembelewa huandikwa jina na umri wake katika orodha ya wanakaya, lakini hojaji kamili ya afya haimfikii.

Tafiti za magonjwa yasiyoambukiza, kama vile shinikizo la damu na kisukari, zingetarajiwa kuwa tofauti, kwa kuwa magonjwa hayo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Utafiti wa aina hiyo uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulihusisha watu wa miaka 25 hadi 64. Ule wa Kenya wa mwaka 2015 uliwahusisha watu wa miaka 18 hadi 69. Katika uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2018 kuhusu Virusi vya Ukimwi, kikomo kilikuwa miaka 64. Uchunguzi kama huo uliofanyika Tanzania mwaka 2016 na 2017 haukuweka kikomo cha juu kwa watu wazima. Mfano huo wa mwisho unaonyesha kwamba mipaka hiyo si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa wapangaji, na uamuzi unaweza kubadilishwa.

Athari ya mipaka hiyo ni ya moja kwa moja. Ofisa wa wizara anapoandaa bajeti ya dawa za shinikizo la damu hutazama majedwali yaliyopo. Ikiwa majedwali yanakomea miaka 64 au 69, watu wenye uhitaji mkubwa zaidi wako nje ya karatasi anayoisoma. Hakuna aliyewakataa kwa makusudi, ila mahitaji yao hayana tarakimu, na mahitaji yasiyo na tarakimu ni rahisi kusahaulika pale fedha zinapogawanywa.

Umri usioandikwa popote

Sensa ndiyo chombo kinachowahesabu watu wote bila kikomo cha umri. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na miongoni mwao watu wapatao milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Lakini hata hapo pana tatizo la pili: wazee wengi wa nchi hizi walizaliwa kabla ya usajili wa vizazi kuenea, na hawana hati yoyote inayothibitisha mwaka wao wa kuzaliwa.

Mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa akiulizwa umri hutoa jibu la kukadiria, na makadirio ya binadamu hupenda tarakimu fulani. Wengi husema 60, 65, 70 au 80. Wachache husema 63 au 71. Matokeo yake, jedwali la sensa huonyesha watu wengi wakiwa wamerundikana kwenye umri unaoishia na sifuri au tano, na mashimo katikati. Watakwimu huuita mkusanyiko huo kuwa dalili ya umri uliokisiwa, na wana vipimo vya kuupima. Kimojawapo, kiitwacho kipimo cha Whipple, hutoa alama 100 pale ambapo hakuna mrundikano wowote, na alama 500 pale ambapo kila mtu ametaja umri unaoishia na sifuri au tano.

Katika hesabu za jumla, kosa la miaka miwili au mitatu linaweza kuvumilika. Katika maisha ya mzee mmoja, kosa hilo lina thamani ya fedha. Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa mwaka 2018 ili kuwafikia wazee wote wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, kwa malipo ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha awali cha shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi. Uganda iliweka umri wa miaka 80 kuwa sharti la ruzuku ya shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi katika wilaya zake zote. Mama aliyezaliwa mwaka 1954, lakini kitambulisho chake kikaandikwa 1959 kwa kukadiria, hupoteza miaka mitano ya malipo aliyostahili. Mwenzake aliyekadiriwa kwenda juu huingia mapema.

Ili kupunguza makosa hayo, watafiti hutumia kalenda ya matukio. Mdodosaji haulizi tu "una miaka mingapi?" Huuliza mambo ambayo kumbukumbu ya binadamu huyashika vizuri zaidi. Je, mzee alikuwa amezaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia? Alikuwa na umri gani hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952? Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa akichunga mbuzi au alikuwa ameshaolewa? Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta na watoto wangapi? Majibu hayo yakiunganishwa na matukio ya mahali anapoishi, kama vile njaa, mafuriko au kujengwa kwa shule ya kijiji, pamoja na umri wa mtoto wake wa kwanza na wa wadogo zake, mwaka wa kuzaliwa huweza kubanwa hadi ndani ya miaka michache.

Kazi hiyo huchukua muda. Inahitaji mdodosaji aliyefunzwa, anayeijua historia ya eneo na lugha ya mzee, na asiye na haraka. Ndiyo maana watakwimu husisitiza kwamba msaada wao unapaswa kuanza kabla hojaji haijachapishwa. Umri uliokusanywa vibaya hauwezi kutengenezwa na kompyuta.

Hai na Dar es Salaam: tarakimu mbili, picha mbili

Mfano unaoonyesha wazi nguvu ya hesabu sahihi unatoka Tanzania. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walirekodi wagonjwa wapya wa kiharusi katika maeneo mawili. La kwanza lilikuwa wilaya ya Hai, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro, lenye watu 159,814. La pili lilikuwa sehemu ya jiji la Dar es Salaam yenye watu 56,517. Katika miaka hiyo mitatu, Hai ilikuwa na wagonjwa 453 na Dar es Salaam 183.

Hatua ya kwanza ya hesabu ni kugawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya watu. Matokeo yake yalikuwa wagonjwa 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 107.9 Dar es Salaam. Msomaji akiishia hapo ataona kwamba tofauti kati ya kijiji na mji ni ndogo mno.

Lakini wakazi wa maeneo hayo mawili hawafanani kwa umri. Dar es Salaam ni jiji la vijana wanaotafuta kazi, ilhali wilaya ya Hai ina sehemu kubwa zaidi ya wazee. Kiharusi huwapata zaidi wazee. Kwa hiyo jiji lenye wazee wachache lingetarajiwa kuwa na wagonjwa wachache sana. Kuwa kwake karibu sawa na Hai ni jambo linalohitaji maelezo.

Hapo ndipo watakwimu hutumia njia ya kusawazisha umri. Kwanza hukokotoa kiwango cha ugonjwa katika kila kundi la umri peke yake: wa miaka 45 hadi 54, wa 55 hadi 64, na kuendelea. Kisha huviweka viwango hivyo katika muundo mmoja wa umri unaotumika kimataifa, na kuuliza: kama Hai na Dar es Salaam zingekuwa na wazee na vijana kwa uwiano ule ule, viwango vingekuwaje? Jibu lilikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam.

Tofauti iliyokuwa haionekani ikageuka kuwa karibu mara tatu. Mzee wa jijini alikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mzee wa umri wake aliyeko kijijini, na hesabu ya kwanza ilikuwa imeificha hatari hiyo nyuma ya wingi wa vijana. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni swali. Kwa mpangaji wa huduma, hesabu zote mbili zina kazi yake. Ile ya kwanza humwambia ni vitanda vingapi vitahitajika. Ile ya pili humwambia ni wapi watu wako hatarini kupita kiasi, na kwamba kuna sababu ya kutafutwa.

Tofauti za namna hiyo, zinazotokana na mahali mtu anapoishi, kipato chake, elimu yake au jinsia yake, ndizo zinazoitwa tofauti za kiafya zisizo za haki. Haziwezi kuonekana kwa macho. Daktari wa hospitali humwona aliyefika hospitalini. Aliyekosa nauli, au aliyefariki nyumbani kabla ya kupata usafiri, hayumo katika daftari lake.

Wagonjwa 78 kati ya 296

Wilaya hiyo hiyo ya Hai ilikuwa uwanja wa utafiti mwingine, safari hii kuhusu maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili uzeeni. Watafiti waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita. Kwa kuwa uchunguzi kamili wa daktari ni ghali na mrefu, ulifanyika kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza kila mzee alipewa maswali mafupi ya kuchuja. Katika awamu ya pili daktari aliwaona watu 296 tu, ambao walichaguliwa zaidi kutoka miongoni mwa walioonyesha dalili, pamoja na sehemu ndogo ya wale ambao hawakuonyesha dalili. Watu 78 walithibitishwa kuwa na maradhi hayo.

Mwandishi wa habari mwenye haraka angeweza kugawanya 78 kwa 296 na kutangaza kwamba mzee mmoja kati ya wanne ana ugonjwa huo. Hesabu hiyo ingekuwa kosa kubwa, kwa sababu watu 296 hawakuchukuliwa kwa bahati nasibu sawa. Wenye dalili walipewa nafasi kubwa zaidi ya kuitwa. Mtakwimu hurekebisha hali hiyo kwa kumpa kila aliyechunguzwa uzito unaolingana na idadi ya wazee anaowawakilisha. Mzee asiye na dalili aliyeonwa na daktari huwakilisha wenzake wengi ambao hawakuitwa, kwa hiyo uzito wake ni mkubwa. Baada ya marekebisho hayo na kusawazisha umri, kiwango kilikuwa asilimia 6.4.

Kando ya tarakimu hiyo watafiti waliandika nyingine mbili: asilimia 4.9 na asilimia 7.9. Hicho ndicho kipimo cha uhakika. Maana yake ni kwamba, kwa kuwa ni vijiji sita na watu 1,198 tu waliopimwa, kiwango halisi kinakadiriwa kuwa ndani ya mipaka hiyo. Ripoti inayotoa tarakimu moja bila mipaka yake humwonyesha msomaji uhakika ambao haupo.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito wa kipekee. Kwa muda mrefu palikuwa na dhana kwamba maradhi hayo ni adimu barani Afrika, na kwamba mzee anayesahau njia ya kwenda kwake amechoka tu kwa uzee, au amerogwa. Utafiti wa Hai ulionyesha kiwango kinachofanana na cha nchi tajiri. Familia zinazomlinda mzee asipotee usiku zilikuwa zikibeba mzigo ule ule unaobebwa na familia za Ulaya, ila bila jina la ugonjwa, bila kliniki na bila msaada.

Swali linalomfaa asiyesoma

Kupima akili ya mzee kuna mtego wake. Vipimo vingi vilivyobuniwa Ulaya na Marekani humtaka mtu aandike sentensi, atoe saba kutoka mia moja mara kadhaa, au achore maumbo kwa kalamu. Mzee ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule hushindwa maswali hayo hata kama akili yake ni timamu kabisa. Kwa vile wanawake wa kizazi hicho walinyimwa elimu zaidi kuliko wanaume, kipimo kama hicho kingewatangaza wanawake wengi kuwa wagonjwa kwa kosa la kutofundishwa kusoma.

Watafiti waliofanya kazi Hai na kwingineko walitengeneza kipimo kinachoepuka mtego huo. Badala ya kuchora, mzee huoneshwa umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti, kisha huombwa apange njiti zake vivyo hivyo. Huombwa pia ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa muda maalumu, na akumbuke maneno aliyosomewa dakika chache kabla. Kazi ya mtakwimu hapo ni kuhakiki kama alama zinatenganisha kweli wagonjwa na wazima, na kama zinafanya hivyo kwa usawa kwa waliosoma na wasiosoma, kwa wanaume na kwa wanawake.

Kufuatilia watu wale wale

Uchunguzi wa siku moja hueleza hali ilivyo, lakini hauelezi imetoka wapi. Mzee maskini anapokutwa mgonjwa, je, umaskini ulimletea ugonjwa, au ugonjwa ulimaliza mali yake? Kulijibu swali hilo kunahitaji kuwarudia watu wale wale kwa miaka mingi.

Marekani ilianza kazi hiyo mwaka 1992 kwa uchunguzi wa afya na kustaafu unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Michigan, ambao huwahoji watu wa umri wa zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Tangu mwanzo, wapangaji wake waliwachagua Wamarekani weusi na wenye asili ya Kilatini kwa idadi kubwa kuliko sehemu yao katika taifa, ili makundi hayo yasiwe madogo mno kuchambuliwa. Kisha uzito wa kitakwimu ulitumika kurudisha picha ya taifa zima. Afrika Kusini ilifuata njia hiyo katika eneo la Agincourt, mkoa wa Mpumalanga, ambako watu 5,059 wenye miaka 40 na zaidi walihojiwa katika awamu ya kwanza, mwaka 2014 na 2015.

Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, kimekuwa tangu mwaka 2002 kikifuatilia kaya za mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, kikiandika vizazi, vifo, wanaohamia na wanaohama. Kumbukumbu za uhamaji zina umuhimu mkubwa kwa afya ya wazee. Mkazi wa mjini anapougua sana, mara nyingi hurudi kijijini kutunzwa na ndugu, na hufia huko. Asipofuatiliwa, mji huonekana wenye afya kuliko ulivyo, na kijiji kikaonekana chenye maradhi kuliko kilivyo.

Kwa wale wanaofariki bila kuonwa na daktari, watafiti huwahoji ndugu waliomuuguza marehemu. Huuliza kuhusu homa, kikohozi, kupooza upande mmoja wa mwili, au uvimbe wa miguu. Majibu hayo huchambuliwa na madaktari au na programu ya kompyuta ili kukadiria chanzo cha kifo. Ni njia isiyo na ukamilifu, lakini bila hiyo vifo vingi vya wazee vingebaki na maelezo mamoja tu: "alikuwa mzee."

Hivi karibuni Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan, kimeanzisha matayarisho ya uchunguzi wa muda mrefu wa afya na uzee nchini Kenya, ujulikanao kwa kifupi kama LOSHAK, ambao majaribio yake yamefanyika katika kaunti ya Kilifi. Maswali yake yameandaliwa ili yaweze kulinganishwa na yale ya Marekani, Afrika Kusini na kwingineko. Ulinganifu huo nao una gharama. Swali kuhusu "kustaafu" lina maana kwa mwalimu au karani, lakini mkulima wa minazi na mihogo hastaafu. Hupunguza kazi kadiri nguvu zinavyopungua. Watafiti hulazimika kuchagua lipi libaki sawa na la wengine, na lipi libadilishwe ili mzee wa pwani alielewe.

Siri ya mzee

Taarifa za aina hii ni amana. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa wazee, kuondoa jina pekee hakutoshi. Katika kata yenye bibi mmoja tu wa miaka 97, umri na mahali vinatosha kumtambulisha. Ndiyo maana, kabla ya data kutolewa kwa watafiti wengine, umri wa juu sana hukusanywa katika kundi moja, kwa mfano "miaka 90 na zaidi", na jina la kijiji hufutwa.

Pana pia suala la ridhaa. Mzee anayesikia vibaya, au anayeanza kusahau, lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na apewe nafasi ya kukataa. Mwanawe anapojibu kwa niaba yake, jambo hilo huandikwa, kwa kuwa mtoto huweza kutojua maumivu ambayo mzazi ameyanyamazia. Lakini kuwaacha nje wote wasioweza kujibu wenyewe kungekuwa kosa kubwa zaidi, kwani ndio walio wagonjwa kuliko wote, na matokeo yangeonyesha uzee wenye afya isiyokuwepo.

Kinachosubiriwa

Nchi zote mbili zilipitisha mwaka 2023 sheria mpya za bima ya afya zinazokusudia kuwafikia wananchi wote. Mpango wowote wa bima hupangwa kwa makadirio: wazee wangapi watahitaji dawa za shinikizo la damu kila mwezi, wangapi watapata kiharusi, wangapi watahitaji mtu wa kuwalisha. Makadirio yakijengwa juu ya tafiti zinazokomea miaka 64, mfuko utapungukiwa pale ambapo wagonjwa ni wengi zaidi.

Marekebisho yanayohitajika yanajulikana, na baadhi yake si ghali. Kikomo cha juu cha umri kinaweza kuondolewa katika tafiti ambazo tayari zinabisha hodi katika kaya zenye wazee. Matokeo ya sensa yanaweza kuchapishwa kwa kutenganisha wa miaka 60, 70 na 80, badala ya kuwaweka wote katika fungu moja, kwa sababu mahitaji ya mtu wa miaka 61 anayelima mwenyewe si sawa na ya mtu wa miaka 85 asiyeweza kuinuka. Mtakwimu anaweza kuitwa siku ya kupanga utafiti badala ya siku ya kuandika ripoti. Na usajili wa vizazi unaofanyika leo kwa uangalifu utamwezesha mtoto wa sasa, atakapofikia uzee, kutaja umri wake bila kukisia.

Kwa wazee waliopo, hata hivyo, muda hausubiri. Aliyeachwa nje ya hesabu akiwa na miaka 72 huenda asiwepo pale hesabu itakaporudiwa.